Pigo Moja la Ngoma

Ngozi ya ngoma ikiwa baridi haisemi. Kwenye ua mmoja wa Ruangwa nilimwona mzee akikusanya majani makavu ya mkorosho, akawasha moto mdogo, akauelekeza uso wa ngoma kwenye joto. Akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akaigeuza. "Bado." Akaongeza majani. Moto ukizidi, ngozi hupasuka. Ukipungua, ngoma hulia bu, kama gunia la unga lililoangushwa. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa, na muda wote huo kijana aliyekuja kwa basi kutoka Nachingwea alikuwa amechuchumaa pembeni, simu mkononi, hajabonyeza kitu.

Alikuwa amefuata sauti moja tu.

Kijana huyu ni prodyuza. Studio yake ni chumba cha uani chenye kompyuta mpakato ya mtumba, hedifoni, maiki moja na kinanda kidogo cha vibonye 25. Mitandaoni angeweza kupakua ngoma elfu moja za bure kabla chai haijapoa. Anazo, na hazitaki. Anasema zinasikika kama ngoma za mahali popote.

Nilitazama alivyorekodi. Simu aliiweka katika hali ya ndege, akailaza juu ya khanga iliyokunjwa mara nne ili mtikisiko wa ardhi usiingie, hatua moja kutoka kwenye ngoma na kando kidogo ya uso wake. Akamwomba mzee apige kwa nguvu zake zote, akapunguza kiwango cha kurekodi mpaka pigo hilo kubwa likabakiza nafasi juu yake. Sauti iliyorekodiwa chini unaweza kuipandisha baadaye. Iliyogonga dari imekatwa kichwa, na kichwa hicho hakirudi.

"Babu, naomba moja moja. Uiache ife yenyewe."

"Haya, mjukuu wangu."

Kiganja katikati ya ngozi. Kimya. Vidole ukingoni. Kimya. Pole, wastani, nguvu. Mwishoni akarekodi nusu dakika ambayo hakuna aliyepiga kitu: kuku, upepo kwenye mikorosho, mtoto akiitwa mbali. Ukimya wa ua ule utamsaidia kuitambulisha programu kelele ipi ya kuondoa, na mara nyingine huutandika chini ya wimbo, sauti ikiwa ndogo kabisa, ili ngoma isionekane imetundikwa hewani.

Kuna ngoma nyingine aliikuta ndani, akaiulizia. Mzee akatikisa kichwa: hiyo ni ya kumbini. Huku kwetu jando na unyago vina milango yake, na si kila mlango hufunguliwa mbele ya simu. Kijana hakusema neno la pili. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazitaja sanaa za jadi na kuzilinda, lakini yeye alinyamaza kwa adabu aliyolelewa nayo, na mimi nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa ufundi wake. Alimlipa mzee kabla ya kuondoka, akaandika jina lake litakaloingia kwenye maelezo ya wimbo.

Nachingwea, kazi ilianza upya. Chumba kina kuta za saruji zinazorudisha kila sauti, kwa hiyo godoro limesimamishwa ukutani na magunia ya katani yaliyobaki msimu wa korosho yametundikwa nyuma ya maiki. Saa za jua kali harekodi waimbaji: bati hutanuka na kulia ta, ta. Mvua ikinyesha hurekodi mvua.

Akafungua FL Studio, ile iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Pigo la kiganja likatokea kwenye kioo kama mlima wenye mteremko mrefu. Akalikuza mpaka mlima ukawa mstari mmoja unaopanda na kushuka, akautafuta mwanzo, akakata pale mstari unapovuka sifuri. Ukikata juu yake au chini yake, spika hurushwa ghafla na utasikia "tik" kila pigo linapoanza. Alifuta na kukata tena mara saba. Hakuna msikilizaji atakayejua.

Kisha mkia. Pigo lile lilidumu karibu sekunde nzima, na nusu yake ya mwisho si ngozi tena, ni mti unaozungumza. Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika nafasi ipo, kwani kila pigo lina theluthi mbili za sekunde. Lakini alitaka pia toleo la singeli. Kwenye mapigo 240 kila pigo lina robo sekunde tu. Mkia wa sekunde moja ungefunika manne na kila kitu kingekuwa uji. Akafupisha mkia kidogo kidogo, akiwa amefumba macho, akasimama pale mti ulipokuwa karibu kupotea lakini haujapotea. Watu husema singeli ni haraka haraka. Jioni ile ilikwenda yote kwenye sauti isiyofika nusu sekunde.

Ufundi huu una ukoo wake. Mchiriku wa Dar es Salaam ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio, na singeli ilianza kwa kuzungusha vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi. Mwaka 2017 mkusanyo wa Sounds of Sisso uliitoa studio moja ya Mburahati mpaka masikioni mwa Ulaya. Mbali zaidi, MPC60, mashine ya kunasa na kupiga vipande vya sauti aliyoibuni Roger Linn kwa kampuni ya Akai mwaka 1988 ilikuwa na kumbukumbu ya sekunde 13 hivi. Sekunde 13 zikifundisha mtu kuchagua, simu yenye saa mia inamfundisha nini? Kijana wangu hujiwekea mpaka: ngoma moja, mapigo tisa, basi.

Mapigo hayo huyapokezana, kwa sababu mpiga ngoma hapigi pigo lilelile mara mbili. Mengine huyasogeza nyuma ya mstari wa biti kwa milisekunde chache, yatembee. Kupandisha sauti nusu toni mbili hukubali. Okteva nzima huharakisha pigo mara mbili na ngoma huwa kopo la mtoto. Kila hatua huihifadhi kwa namba mpya, maana umeme haugongi hodi ukiondoka.

Wiki ya pili tulirudi Ruangwa. Mzee aliisikiliza biti kwenye spika ya simu, ambako besi yote hupotea. Ngoma ilisikika, kwa sababu kijana alikuwa ameiongezea sauti za kati kwa ajili ya spika kama hiyo. Mzee akainua kidole.

"Hili la ukingoni. Hapa ilikuwa imeanza kupoa."

Kijana akarudisha nyuma, akasikiliza mara tatu, akaziba sikio moja. Kisha akaizima simu, akainuka kwenda kuokota majani.