Fundi wa Kubomoa

Tumezoea kumsifia fundi anayejenga. Wangu hubomoa, na simchoki. Anaitwa VHL, protini iliyomo ndani ya seli zetu, jicho la genge la protini linalojulikana kama ligesi ya yubikwitini.

Seli hutengeneza protini ya HIF usiku na mchana, kisha huivunja baada ya dakika chache. Ukitazama juujuu utasema ni kutwanga maji kinuni. Lakini HIF ndiyo mbiu ya oksijeni ikipungua: mishipa ya damu ichipue, chembe nyekundu ziongezwe. Huwezi kuanza kuchonga baragumu nyumba ikiwa imeshika moto.

Sasa mtazame fundi kazini. Oksijeni ikiwepo, kimeng'enya fulani hupachika atomu moja ya oksijeni hiyo juu ya prolini, asidi amino mojawapo ya HIF. Moja tu hutosha, kwenye protini yenye asidi amino zaidi ya 800! VHL ana kishimo kinachoipokea prolini hiyo sawasawa. Isiyo na atomu ile humteleza. Akishainasa, genge huibandika yubikwitini, kijiprotini cha asidi amino 76, kimoja juu ya kingine hadi mkufu utimie, ndipo proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini, inapoisaga HIF yote. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, waliogundua uvunjaji wa namna hii, walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika saratani nyingi za figo VHL ameharibika, HIF haivunjwi, na mbiu inalia bila jambo. Uvimbe unajipatia damu ya bure. Vivimbe vya waliorithi jeni mbovu ya VHL vimejaa mishipa, na ndicho kilichomvutia William Kaelin wa Boston, mmoja wa washindi watatu wa Nobel ya Tiba ya 2019.

Kumrudisha fundi hakujawezekana. Badala yake, watafiti wa Dallas waligundua uwazi mdogo ndani ya HIF-2, aina mojawapo ya HIF, na dawa ya belzutifan, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa waliorithi jeni hiyo, huingia humo na kuizuia HIF-2 isiungane na protini mwenzake. Mbiu huzibwa kweli. Ila dawa haijui kuchungulia kama oksijeni ipo au haipo, na HIF-2 ndiyo inayoamuru chembe nyekundu zitengenezwe. Wengi wanaoimeza hupungukiwa damu, na daktari hulazimika kuipima hemoglobini yao kila mara.