"Bila Waya" au "kwa Mawimbi"? Uhakiki wa Istilahi za Kuongoza Taa za Jukwaani

Istilahi nyingi huzaliwa mezani na kuhakikiwa mezani. Huandikwa, zikajadiliwa, zikapitishwa, na ni nadra kwetu kupata nafasi ya kuziona zikifanya kazi katika vinywa vya watu waliokusudiwa kuzitumia. Makala haya yana nia ya kuhakiki kikundi kidogo cha istilahi ambacho mwandishi alikiona kikipimwa si mezani bali uwanjani, huko Maramba, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, mkoani Tanga. Istilahi zenyewe ni za kazi ya kuongoza taa za jukwaani kwa mawimbi ya redio, na hasa maneno matatu: "bila waya", "masafa" na "udhibiti".

Ilikuwa sherehe ya usiku yenye ngoma, taarabu na hotuba. Kamati ilikodi mafundi wa taa kutoka mjini, nao wakawapa wajumbe hiari ya mitambo ya aina mbili: ya waya, yenye bei nafuu, na ya "taa bila waya", yenye bei ya juu. Wajumbe walitafakari, wakaona kuwa uwanja ni mpana na watoto ni wengi, wakachagua aina ya pili. Siku ya sherehe mafundi walifika na taa zao, na jambo la kwanza waliloliulizia ni waya za umeme. Mwenyekiti alishangaa. "Mwanangu, si mlituambia hizi hazina waya?" Fundi akajibu kwa adabu, "Mzee wangu, hazina waya wa kuziongoza. Umeme zinakula kama taa nyingine."

Zikaazimwa waya za hapa na pale, zikaungwa kwa utepe na kulazwa juu ya majani, katika njia ambayo watu wangepita, maana hakuna aliyekuwa ametenga njia nyingine. Magharibi ilipoingia, mama mmoja aliyebeba sinia alijikwaa, na mlingoti wa taa ukainama kabla ya vijana kuudaka. Hakuna aliyeumia. Lakini hiyo ilikuwa bahati tu, na istilahi haifai kutegemea bahati.

Baadaye, watu walipojaa, taa za upande wa mbali zilianza kupepesa na kuzima. Fundi akasema, "Masafa yameingiliana, Mzee." Mwenyekiti akajibu papo hapo, "Basi kama taabu ni masafa, sogezeni mitambo karibu." Watu wakacheka. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mzee yule hakukosea hata neno moja la Kiswahili chake. Kosa lilikuwa letu sisi tunaounda na kueneza istilahi.

Kuhusu "bila waya"

Taa ya jukwaani huhitaji vitu viwili: umeme wa kuiwasha na amri ya kuiambia iwake kwa kiasi gani, kwa rangi gani, na ielekee wapi. Kwa hiyo mitambo iliyopo sokoni si ya aina mbili, bali ni ya aina tatu. Katika aina ya kwanza, umeme na amri vyote hupita katika waya. Katika ya pili, umeme hupita katika waya lakini amri husafiri kwa mawimbi ya redio. Katika ya tatu, amri husafiri kwa mawimbi na umeme hutoka katika betri iliyomo ndani ya taa. Jina "taa bila waya" ni la kweli kwa aina ya tatu peke yake, tena kwa saa zile tu ambazo betri haijaisha. Likipewa aina ya pili, jina hilo hugeuka ahadi ya uongo. Na Maramba waliletewa aina ya pili.

Yumkini msomaji atauliza: je, ni lazima jina lieleze kitu kilivyo? Mbona tunasema "karabai" bila madhara yoyote? Neno hilo lilitokana na kabidi, kemikali iliyotiwa maji ili kutoa gesi ya kuwasha taa za zamani. Baadaye likahamia kwenye taa ya mafuta ya taa yenye kupigwa pampu, isiyo na kabidi hata chembe, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau tofauti moja. "Karabai" ni jina lililofumbika. Halimwambii msikilizaji afanye nini wala asifanye nini. "Bila waya" ni maneno ya wazi ambayo kila mtu anayafahamu tangu utotoni. Msikilizaji huyatii, akaacha kununua waya, akaacha kutenga njia yake. Istilahi iliyofumbika yaweza kuwa na kasoro na isidhuru, lakini istilahi iliyo wazi hapana budi iwe ya kweli.

Tena si lazima tufuate mkondo wa lugha zilizochagua kukanusha. Waarabu husema "lasilki", yaani kisicho na waya, na Wafaransa pia waliita simu hiyo kwa kutaja kukosa waya. Wazee wetu wa pwani hawakufanya hivyo. Waliiita "simu ya upepo", wakitaja kile walichodhani kinaibeba sauti badala ya kile kilichokosekana. Kweli, mawimbi ya redio hayahitaji upepo, wala hata hewa. Lakini njia yao ya kufikiri ilikuwa njema. Leo neno "mawimbi" limekwisha kuzoewa kwa sababu ya redio. Kwa nini basi tusiseme "taa za kuongozwa kwa mawimbi"? Anayesikia hivyo ataelewa kwamba kinachosafiri kwa mawimbi ni uongozi, na yumkini atauliza mwenyewe: je, umeme utapita wapi?

Kuhusu "masafa"

Hapa tatizo lina mizizi zaidi. Katika Kiswahili cha kawaida masafa ni umbali: kutoka Maramba hadi Tanga ni masafa. Redio ikaja na "masafa marefu", "masafa ya kati" na "masafa mafupi", na hapo neno lilitaja urefu wa wimbi. Kisha wataalamu wa mawasiliano wakalitumia kwa idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Lakini mambo haya mawili yanakwenda kinyume: kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo mitetemo yake inavyokuwa mingi. Kwa hiyo anayesema "masafa mafupi" na anayesema "masafa ya juu" huenda wakakusudia kitu kimoja, na anayesikia wote wawili adhani wanabishana. Ongeza maana ya tatu ya umbali, nasi tuna neno moja lenye mabwana watatu.

Nini hasa kilichotokea usiku ule? Mitambo mingi ya aina hii hutumia eneo la gigahezi 2.4, ambalo ndilo linalotumiwa pia na vifaa vingi vya intaneti na simu za mkononi. Mchana uwanja ulikuwa mtupu na taa zikatii. Usiku simu zilijaa, na kila moja ikawa na mawimbi yake. Zaidi ya hayo, mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hufyonza mawimbi ya aina hiyo. Antena iliyowekwa chini ya vichwa vya watu huwa kama imezungushiwa ukuta. Basi dawa ilikuwa kupandisha antena juu ya vichwa na kuhamia sehemu nyingine ya mawimbi, na kama mitambo ina uwezo huo, kuiacha irukeruke yenyewe ikikwepa pale penye msongamano. Kusogeza mitambo kungesaidia kidogo, lakini kusingeondoa msongamano wenyewe. Fundi alilijua hilo. Neno alilopewa na lugha ndilo lililomshinda kulieleza.

Kuling'oa "masafa" katika mawasiliano sasa ni kazi bure, kwa maana limekwisha kuota mizizi serikalini na redioni. Twaweza hata hivyo kuliwekea mipaka. Katika maandishi ya kiufundi, "masafa" yabaki kwa mitetemo. "Urefu wa wimbi" utajwe kwa jina lake. Na umbali uitwe "umbali" au "upeo wa kufika", usiitwe masafa kamwe.

Kuhusu "udhibiti"

Katika neno hili sina maneno mengi. Tunadhibiti magendo, maradhi na mfumuko wa bei, yaani vitu tunavyotaka vipungue au vikome. Taa ya jukwaani haizuiwi. Hufifishwa, huangazwa, hugeuzwa, kama mcheza ngoma anavyoongozwa na mpiga ngoma. "Kuongoza" ndilo neno lake, na "uongozaji" litaitofautisha kazi hii na uongozi wa watu.

Faida ya istilahi sahihi katika uchaguzi

Msomaji asidhani kuwa haya ni mabishano ya maneno matupu. Mtu mwenye istilahi nzuri huchagua vizuri. Utaratibu wa kuongoza taa unaotumika zaidi duniani, uitwao DMX512, ulitolewa mwaka 1986 na chama cha ufundi wa maonyesho cha Marekani. Katika waya mmoja una njia 512, na kila njia hubeba thamani kuanzia 0 hadi 255. Hauna namna ya kugundua amri iliyoharibika njiani, na kwa hiyo haufai kuwashia fataki au kuendeshea kitu kinachoweza kuua. Amri ikipita kwa mawimbi, sharti hilo huwa zito zaidi.

Kutokana na hayo, kamati yenye jukwaa moja lisilohama itafaidika na waya: ni rahisi, na hauingiliwi na simu za watazamaji. Mawimbi yanafaa pale ambapo waya wa amri ungekatiza njia ya watu, au taa imewekwa mbali, upande wa pili wa uwanja. Mara nyingi jawabu ni kuchanganya: waya jukwaani, mawimbi kwa taa za mbali, na betri pale tu umeme usipofika. Lakini kamati haiwezi kuchagua kati ya vitu vitatu ikiwa lugha imewapa majina mawili.

Mapendekezo

Napendekeza kwa Baraza istilahi zifuatazo, zijadiliwe na kusahihishwa:

Uongozaji wa taa kwa waya: amri na umeme hupita katika waya.

Uongozaji wa taa kwa mawimbi: amri hupita kwa mawimbi ya redio, umeme hupita katika waya.

Taa ya betri ya kuongozwa kwa mawimbi: amri kwa mawimbi, umeme katika betri.

Kirusha amri na kipokea amri: chombo kitoacho amri kwa mawimbi, na chombo kizipokeacho.

Upeo wa kufika: umbali wa mwisho ambao amri hufika bila kupotea.

Kabla ya kuzipitisha, ingefaa zipelekwe kwa wanaozihitaji: walimu na wanafunzi wa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na tangu 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na pia mafundi wanaobeba taa kwa malori kutoka uwanja hadi uwanja. Zisomwe mbele ya mwenyekiti wa kamati asiyejua ufundi. Akisikia istilahi na kuuliza swali linalofaa, istilahi imefaulu. Akijibu "basi sogezeni karibu", turudi mezani.