Harusi Ipelekeni Tanga!

Jamani, mnaohangaika na kumbi za Dar es Salaam, wekeni simu chini mnisikilize. Nimetoka Tanga. Nilikwenda na kamati ndogo kumtafutia binti wa dada yangu pahali pa sherehe, nikiwa na daftari, futi ya kupimia na uso wa mtu asiyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nimerudi mpiga debe. Silipwi na mtu, sina kamisheni, lakini siwezi kunyamaza: anayetaka harusi yenye bahari, yenye chakula cha kusimuliwa na wageni wasiofia kwenye foleni, huu ndio mji.

Niseme mapema kilichonishika. Dar unakodi ukumbi: viyoyozi, mapazia ya satini, na mshereheshaji wa harusi ya pili anayesikika kupitia ukutani akiita ukoo usio wako uje kulishwa keki. Tanga ni jiji tangu 2005, lakini Sensa ya 2022 iliikuta na watu wasiofika laki nne, na udogo huo ndio utamu wenyewe. Unakodi kipande cha bustani, unapewa mji mzima juu yake. Ndoa inafungwa msikitini Ngamiani, picha zinapigwa Bustani ya Jamhuri, sherehe inakuwa Raskazone, na shangazi aliyesahau mkoba wake kwa mwenyeji wake anapanda bajaji, anaufuata, anarudi, na maharusi bado hawajaingia. Ijaribuni hiyo kati ya Mbagala na Mbezi Jumamosi jioni.

Na hiyo Raskazone! Ni rasi iliyochomoza mashariki ya mji, upande mmoja ghuba iliyotulia, upande wa pili Bahari ya Hindi yenyewe. Barabara ya kwendea imefunikwa na miti mikubwa, nyumba za kale zimejificha ndani ya viwanja vipana, na ghafla kati ya kuta mbili unayaona maji. Kuna hoteli huku, kuna sehemu za kuogelea, na kuna bustani za kukodi. Yetu ni moja ya hizo, inateremka taratibu hadi ukingoni mwa ghuba. Jina silitaji kwa makusudi, maana bei ikisikika Dar haitalala ilipo.

Nilipofika nilifanya kile ninachowashauri wote mfanye: nilivua ndala nikavaa kiatu cha kisigino kirefu nilichokibeba kwenye mfuko, nikatembea kutoka getini hadi pale itakapokaa meza kuu. Nyasi za bustani za pwani zinaweza kuonekana zulia, chini ni mchanga, na bibi harusi anazama hatua ya tatu. Hapa chini kuna ardhi ngumu yenye mawe ya matumbawe. Kisigino kiligonga, kikasimama. Nikaruka mara mbili. Mwenyekiti wa kamati alitazama pembeni kwa aibu, lakini kisigino kilisimama!

Mzee anayelinda pale alikuwa amekaa kwenye kigoda akitukodolea macho. "Shikamoo baba," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Harusi lini?" Nikamwambia tunafikiria Julai, watoto wamefunga shule. Akacheka hadi akakohoa. "Julai kusi linavuma hapa. Shela la bibi harusi mtakwenda kulichukua Mombasa."

Hapo ndipo ukaguzi wetu ulipogeuka darasa. Ukumbi wa ndani hauna majira, bustani ya pwani inayo, na anayepanga kwa kalenda ya ofisini peke yake atalia. Masika, Machi hadi Mei, sahauni kabisa, maturubai yote ya mkoa hayatawaokoa. Kusi la katikati ya mwaka lina baridi tamu lakini halina heshima kwa mapambo. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inakuja na kuondoka inavyotaka. Januari na Februari ni kaskazi: jua kali mchana, kweli, ila anga safi na jioni yenye upepo wa kiasi. Septemba nayo, kusi likishachoka, haina ubaya.

Mzee hakuishia kwenye upepo. Alituuliza kama tumetazama mwezi. Tukatazamana. Akaeleza, na mimi nikaandika kwa kasi mpaka kalamu ikatoboa karatasi, kwa sababu hakuna mpambaji wala mshauri wa harusi aliyewahi kuniambia jambo hili. Mwezi ukifika kumi na nne, yaani mwezi mpevu, ndipo maji ya bamvua yanapoanza. Pwani hii bamvua hujaa kiasi cha saa kumi alasiri na hukupwa kiasi cha saa nne usiku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Maana yake? Ukiweka sherehe siku hizo, saa ya picha ghuba imejaa hadi ukingoni, maji ya buluu yanalamba ukuta. Jua linazama upande wa mji, na siku ikiwa safi milima ya Usambara inaonekana nyuma yake. Geuka! Upande wa baharini mwezi ndio kwanza unachomoza, mkubwa, mwekundu. Vyote viwili, jioni moja, pahali pamoja, bila shilingi moja ya mtu wa taa.

Ukikosea ukaiweka siku za maji mafu, maji hayajai sawasawa wala hayapwi sawasawa, na alasiri ile ile wageni wanatazamana na tope na mashua zilizolala ubavu. Bustani ni ile ile, bei ni ile ile. Nimesema kwenye kikao na narudia hapa: kabla ya kumlipa mwenye bustani, nunueni kalenda yenye mwandamo wa mwezi.

Mapambo sasa. Mimi nimechoka na maua ya plastiki. Nimechoka! Tanga ni nyumbani kwa mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta mwaka 1893 kwa miche iliyosafirishwa elfu moja, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yaliyoujenga mji huu. Kwa nini basi maharusi wa Tanga wakae mbele ya ukuta wa maua kutoka kiwandani China? Fundi mmoja wa mapambo tuliyekutana naye alitufungulia gunia la singa za mkonge zilizopigwa brashi, nyeupe, zinang'aa kama nywele za bibi. Anazisuka mashada marefu na kuyashusha kutoka kwenye matawi, chini anaweka taa za njano. Nilizishika. Hazina harufu, hazivuji rangi, upepo ukizipiga zinacheza tu. Akasema pia anaweza kufunika viti vya plastiki kwa kanga badala ya vile vitambaa vyeupe vyenye utepe mgongoni. Kanga! Kila meza na jina lake la kanga! Nilimkumbatia mtu wa watu.

Chakula nitakipitia haraka kwa sababu sote tunajua: Tanga haikosei sufuriani. Mama wa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, alitupikia biriani ya kuonja kwa kuni, nyama inajiachia yenyewe mfupani, wali juu yake umesimama punje punje. Samaki wa kupaka. Mkate wa kumimina uliotoboka vizuri. Machungwa kutoka Muheza, mtindi wa maziwa ya hapo hapo. Jambo la maana kwa kamati ni moja tu: ulizeni kabla ya kulipa amana kama bustani inakubali mpishi wa nje, maana kuna zinazolazimisha jiko lao na kuhesabu kwa sahani, na kuna zinazotoza ada ya kuingiza vinywaji. Yetu inakubali, mradi moto ukae nyuma ya ukuta.

Muziki? Mnauliza muziki, Tanga? Mji wa Black Star na Lucky Star, alikopita Shakila Saidi kabla sauti yake haijajaa nchi nzima! Ikifika saa ya wazazi kutunza, pigeni taarab ya zamani, spika mbili zinatosha, muone mama wakubwa watakavyoinuka na noti mkononi. Baikoko muiachie jioni ya wanawake, ndani, watoto wakiwa wamelala, na anayerekodi anyang'anywe simu. Nimemaliza hapo.

Lakini kilichonikosesha usingizi kwa furaha ni baiskeli. Mji wenyewe ni tambarare na Watanga wanaendesha baiskeli tangu zamani, wazee kwa vijana, mwanamke na buibui lake, mwanafunzi na mdogo wake nyuma. Nikapata wazo, nikalitoa hapo hapo barabarani kwa sauti: badala ya msururu wa magari yenye taa za hatari zikimulika, msafara wa maharusi uwe wa baiskeli kutoka Jamhuri hadi Raskazone. Bwana harusi mbele, bibi harusi nyuma kakaa upande, matarumbeta kwenye pikapu inayotangulia. Dada yangu anasema nimerukwa na akili. Bwana harusi ameshaanza kuuliza bei ya kukodi.

Sasa hesabu, maana mhazini wetu alikuwa amenuna muda wote huo. Kadi za michango zina mantiki yake: mtu anatoa cha mtu mmoja au cha wawili, na kwa kutoa anajua atakaa, atakula, atacheza. Ukiipeleka sherehe kiasi cha kilomita 350 kutoka Dar, ofisini watu wanakuambia "hongereni sana" na mkono haufiki mfukoni. Nani atoe halafu asile? Hili ndilo kaburi la harusi nyingi za mkoani zinazopangwa na kamati za mjini. Tulibishana, na suluhisho likatoka kwa mhazini mwenyewe: Dar ifanyike sendofu, kadi zote za ofisini, kanisani na mtaani zihesabiwe huko, watu wale wajinome. Tanga waende wachache, ndugu wa damu na marafiki wa kweli, kwa mabasi mawili madogo ya kukodi kupitia Chalinze na Segera. Orodha ikashuka hadi chini ya nusu, na hakuna aliyepaswa kuambiwa hakualikwa, kwa sababu umbali umeshamwambia. Na kwa upande wa pili wa ukoo, walioko Mombasa, Tanga ni jirani: wanavuka Horohoro asubuhi, mchana wapo mezani.

Yapo yatakayowaudhi. Mbu wa ghuba hawajali kwamba ni siku yako kubwa. Wekeni udi na dawa kila meza kuanzia magharibi. Umeme unakatika, na jenereta la bustani yetu linabeba taa na muziki lakini si friji, kwa hiyo barafu iagizwe. Majirani wa Raskazone wanalala, na mwenye bustani alituambia wazi kwamba ikifika saa sita anazima mwenyewe kwa mkono wake. Vyumba vya wageni vya bei ya kati vipo lakini vimetawanyika. Shikeni vyote siku moja, na mmoja wenu awe na orodha ya nani analala wapi, la sivyo babu atajikuta Chumbageni na dawa zake zipo Raskazone. Na kwa wale wanaofunga kwa mkuu wa wilaya, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla, wala haibembelezeki kwa sababu ukumbi umeshalipiwa.

Vyoo nilivikagua, ndiyo. Vinne, maji yanatoka, milango inafunga. Nilivuta kila mnyororo.

Kwa hiyo tumechagua Januari, Jumamosi iliyo karibu kabisa na mwezi kumi na nne, na amana imeshatoka. Mwenye bustani alipoona tunahesabu siku za mwezi kwa vidole alicheka, akasema maharusi wengi humuuliza kwanza kama kuna intaneti. Fundi wa mkonge ameanza kusuka. Mama wa biriani anataka idadi ya vichwa kufikia mwezi ujao na hataki kusikia neno "takriban". Kilichobaki ni kumshawishi dada yangu kuhusu baiskeli, na nimeshamwandalia hoja: yeye na shemeji watapanda bajaji iliyopambwa kanga, peke yao, nyuma ya msafara. Jumamosi nyingine za Januari ziko wazi nilivyoondoka. Wahini.