Gran Turismo HD Concept: Barabara Moja, Gari Moja na Fremu 60 kwa Sekunde

Tarehe 24 Desemba 2006, wiki sita hivi baada ya PlayStation 3 kuanza kuuzwa nchini Japani, Sony ilianza kutoa bure kupitia duka lake la mtandaoni onyesho la mbio za magari lililoitwa Gran Turismo HD Concept. Onyesho, kwa maana inayotumika hapa, ni kipande cha mchezo wa video kinachotolewa mapema ili mchezaji aonje kazi ambayo bado haijakamilika. Hili lilitengenezwa na studio ya Polyphony Digital chini ya Kazunori Yamauchi, ambaye ameuongoza mfululizo wa Gran Turismo tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1997. Lilikuwa na barabara moja na magari 10, na mchezaji aliendesha peke yake bila mpinzani yeyote. Hata hivyo lilipokelewa kama ushahidi wa uwezo wa mashine mpya, na hoja inayojengwa katika uchambuzi huu ni kwamba ushahidi huo ulikuwa wa kweli, ila ulipatikana zaidi kwa vitu vilivyoachwa nje kuliko kwa vile vilivyowekwa ndani, kwa hiyo hauwezi kusomwa vizuri mpaka ijulikane ni nini kiliachwa na kwa nini.

Kazi hiyo haikuanza kama onyesho. Katika maonyesho ya michezo ya video ya Tokyo ya Septemba 2006 ilielezwa kuwa Gran Turismo HD ingekuwa bidhaa yenye sehemu mbili. Ya kwanza, iliyoitwa Classic, ingechukua magari na barabara za Gran Turismo 4, mchezo wa PlayStation 2, na kuzionyesha kwa picha kubwa zaidi; mnunuzi angepewa mchezo usio na gari wala barabara, kisha angenunua kimoja kimoja mtandaoni, gari kwa yeni 50 hadi 100 na barabara kwa yeni 200 hadi 500, kutoka katika orodha ya magari 750 hivi na barabara 50 hivi. Ya pili, Premium, ingekuwa na magari machache na barabara mpya zilizotengenezwa upya kwa ajili ya PlayStation 3. Mwanzoni mwa Desemba mpango huo ulifutwa, nguvu za studio zikaelekezwa kwenye Gran Turismo 5, na sehemu ya Premium iliyokuwa tayari ikatolewa bure. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na si kwa sababu ya bei pekee, maana sehemu ya Classic ingeitambulisha mashine mpya kwa vitu vya zamani vilivyosafishwa, ilhali Premium, kwa udogo wake wote, ilikuwa na kitu ambacho PlayStation 2 isingeweza kukichora.

Ili kuelewa ugumu wa kazi yenyewe, inafaa kuanza na hesabu ya picha. Picha ya skrini huundwa na pikseli, yaani nukta ndogo za rangi zilizopangwa kwa safu na mistari, na Gran Turismo 4 katika hali yake ya kawaida ilichora takriban pikseli 640 kwa 448, ambazo jumla yake haifiki 290,000. Kiwango cha 1080p, ambacho Sony ilikitangaza kama alama ya PlayStation 3, kina pikseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili, ambazo ni zaidi ya mara saba ya zile za awali. Kila picha moja kamili huitwa fremu, na mfululizo wa Gran Turismo umejiwekea tangu PlayStation 2 lengo la kuchora fremu 60 kwa sekunde, jambo linaloiachia mashine milisekunde 16.7 tu, yaani chini ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, kusoma mkono wa mchezaji, kukokotoa mwendo wa gari, kuchora kila kinachoonekana na kuanza upya. Michezo mingi ya kizazi hicho ililiacha lengo hilo na kuridhika na fremu 30, ambazo huongeza maradufu muda wa kuchora na hivyo kuruhusu mandhari iliyojaa zaidi.

Kwa mchezo wa mbio, kuridhika huko kuna gharama ambayo picha tuli haiwezi kuionyesha. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa husogea mita 55 na nusu kila sekunde, kwa hiyo kwa fremu 30 mchezaji huliona likiruka karibu mita mbili kati ya picha moja na inayofuata, na kwa fremu 60 huliona likisogea chini ya mita moja. Anayekaribia kona na kutafuta mahali pa kukanyaga breki hulazimika kukisia kilichotokea katikati ya picha hizo, na kadiri pengo linavyopungua ndivyo breki yake inavyokuwa ya uhakika zaidi. Polyphony ilichagua kulinda jambo hili kabla ya mengine yote, na hapo ndipo onyesho hili lilipostahili sifa zake nyingi kuliko mahali pengine popote.

Sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki ilitumika kwenye gari lenyewe. Umbo la kitu katika mchezo hujengwa kwa poligoni, yaani vipande bapa, hasa vya pembetatu, vinavyounganishwa hadi kufanana na bati lililokunjwa. Kwa takwimu zilizotolewa na studio, gari la toleo la kwanza lilikuwa na poligoni 300 hivi na la Gran Turismo 4 lilikuwa na 4,000 hivi, ilhali magari yaliyotengenezwa upya kwa PlayStation 3 yalifikia laki kadhaa. Tofauti hiyo ilionekana zaidi kwenye ukingo wa tao la gurudumu, ambao katika matoleo ya PlayStation 2 ulivunjika kwa pembe zinazoonekana na sasa ukawa duara, na kwenye taa za mbele, ambazo zamani zilikuwa picha iliyobandikwa juu ya bati na sasa zikawa na kioo chenye kina. Juu ya umbo hilo uliwekwa mng'ao unaotokana na ramani ya mazingira, njia ambayo vitu vinavyolizunguka gari huchorwa kwa udogo kwenye nyuso sita za mchemraba wa kufikirika kisha taswira hiyo ikapakwa juu ya rangi ya gari, kiasi kwamba anga na miteremko huteleza kwenye boneti kadiri gari linavyogeuka. Gari la mwisho kupatikana lilikuwa Ferrari 599, na Ferrari haikuwahi kuwamo katika mfululizo huu kabla yake. Rangi yake nyekundu chini ya anga la mlimani ilikuwa mtihani mgumu kwa njia hiyo, nayo iliufaulu.

Barabara iliyochaguliwa ilisaidia sana. Iliitwa Eiger Nordwand, kwa jina la ukuta wa kaskazini wa mlima Eiger nchini Uswisi, wenye kilele cha mita 3,967, na ilijipinda juu na chini kwenye majani ya miguuni mwa mlima huo. Kitu kilicho mbali huhitaji poligoni chache kwa sababu jicho halioni undani wake, na mlima unaoziba upeo wa macho huizuia mashine isichore chochote kilicho nyuma yake. Mahali pale pale ambapo mtazamaji hupata hisia ya ukubwa usio na mipaka ndipo gharama ya kuchora hupungua. Barabara ya mjini, yenye majengo yanayopita karibu pande zote mbili, madirisha na mabango, ingedai nguvu nyingi zaidi huku ikitoa taswira isiyovutia kiasi hicho. Mzunguko wake ulikuwa mfupi, na ungeweza kuendeshwa pia kwa upande wa kinyume, hatua iliyotoa kona mpya bila kuongeza kazi ya wachoraji.

Kuhusu mikono, hali haikuwa nzuri. Pedi ya kwanza ya PlayStation 3, Sixaxis, ilikuwa na vihisi vya mwinuko na vitufe vya chini vya mbele, L2 na R2, vilivyobadilishwa kuwa na kina kirefu kinachofaa kwa mafuta na breki, lakini mtetemo uliokuwamo katika pedi za PlayStation 2 uliondolewa wakati Sony ikiwa katika kesi ya hataza na kampuni ya Immersion. Katika mchezo wa mbio mtetemo humwambia dereva kwamba tairi linapoteza mshiko kabla jicho halijaona mkia wa gari ukitoka nje. Ulipokosekana, mlio wa matairi ndio uliobaki kumwonya. Hilo lilikuwa pengo kubwa kwa onyesho lililokuwa na hali ya kushindana kwa kuserereka, yaani kulipitisha gari kwenye kona likiwa limeteleza kwa makusudi, kando ya hali ya kupimana kwa muda. Mapungufu hayo yalifidiwa kwa kiasi na orodha ya mtandaoni ya nyakati bora, ambamo mchezaji angeweza kupakua mzunguko wa mwingine na kujifunza kutoka kwake.

Ukosefu wa wapinzani ndio unaopaswa kumzuia msomaji kutoa hukumu ya haraka. Kila gari linaloongezwa barabarani huleta poligoni zake, mng'ao wake, vivuli vyake, moshi wake na hesabu zake za magurudumu, tena katika milisekunde zilezile 16.7. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Desemba 2007, Gran Turismo 5 Prologue ilitoka Japani ikiwa na barabara hiyohiyo ya Eiger pamoja na nyingine, mwonekano wa ndani ya gari, na mbio za magari 16, na bei ya wingi huo ikaonekana: waliohesabu pikseli za picha zake za mbio walikuta kwamba katika hali ya 1080p mchezo ulichora 1280 kwa 1080, kisha mashine ikaitanua picha kwa upana. Si jambo la aibu, kwa kuwa Gran Turismo 4 nayo ilikuwa na hali ya 1080i, yaani ile inayoonyesha mistari ya picha nusu kwa nusu kwa zamu, ambayo kiuhalisia ilichora 640 kwa 540, na katika visa vyote viwili studio ilipunguza pikseli ili kulinda mwendo. Kwa mchezo wa mbio huo ni mpangilio sahihi wa vipaumbele; kilichokosewa ni kuiuza namba ya 1080 kana kwamba ndiyo kipimo cha kazi.

Onyesho liliondolewa dukani mwishoni mwa Septemba 2007, na Gran Turismo 5 kamili ilitoka tarehe 24 Novemba 2010, karibu miaka minne baada ya onyesho. Ilikuwa na magari zaidi ya 1,000, ambayo 200 hivi tu yalikuwa yametengenezwa kwa undani ulioahidiwa pale Eiger, na yaliyosalia, 800 hivi, yalitokana na kazi za zamani za PlayStation 2 na PSP, mashine ya Sony ya kushikwa mkononi.