Tanzanaiti Haikupikwa na Kilimanjaro

Anga likiwa jeupe, Mlima Kilimanjaro unaonekana vizuri kutoka Mirerani, kunakochimbwa vito vya tanzanaiti, na ndiyo maana wengi huamini kwamba volkano ile ndiyo iliyoipika tanzanaiti. Umri unakataa. Kilimanjaro ulianza kujengeka yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Fuwele za tanzanaiti zina zaidi ya miaka milioni 500.

Wana-Apolo, wachimbaji wa Mirerani wilayani Simanjiro, wanaujua ukweli huu kwa viganja vyao. Chini ya ardhi hawatafuti lava. Wanafuata mwamba wenye kinywe, ule unaowapaka weusi usoni hadi wakitoka shimoni yanang'aa macho tu. Kinywe ni kaboni, na kaboni hiyo ilikuwa masalia ya viumbe wadogo wa baharini. Walipokufa walizama kwenye tope lenye oksijeni haba, wakazikwa humo bila kuoza kabisa. Tope la namna hiyo hukamata metali iitwayo vanadi na kuishikilia. Tuikumbuke vanadi, tutairudia.

Kisha mabara yakagongana. Bara kuu la kale la Gondwana lilikuwa linaungana, na sakafu ya bahari ile ikakunjwa ndani ya safu ya milima ambayo mabaki yake wanajiolojia huyaita Ukanda wa Msumbiji. Tope likageuka mwamba wa kinywe, chokaa ikawa marumaru.

Hapa ndipo maelezo mengi hukosea. Tanzanaiti haikutokea pale joto lilipofika kileleni. Ilikuja baadaye, miamba ilipokuwa inapanda na kupoa. Maji ya moto yalipenya kwenye nyufa yakichukua kalisi, alumini na silika kutoka miamba yaliyoipitia, pamoja na vanadi kidogo kutoka kwenye kinywe. Hali ilipobadilika maji yakashindwa kuubeba mzigo wote, atomu zikaanza kujipanga safu juu ya safu. Mvuna chumvi wa pwani anaifahamu kanuni hiyo: maji yakikauka polepole, punje huwa kubwa.

Lakini polepole peke yake haitoshi. Fuwele inahitaji nafasi. Miamba ilipokuwa inavutwa, matabaka laini yalinyumbuka, yale magumu yakakatika vipandevipande na kuacha mianya katikati. Ndani ya mianya hiyo fuwele zilikua bila kubanwa, zikatoa nyuso zake bapa zenye kingo kali. Mawe mawili ya tanzanaiti ambayo mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali Juni 2020, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, hayawezi kuelezwa bila mianya ya namna hiyo. Kwa maoni yangu, huo uwazi ndio siri kubwa ya Mirerani kuliko hata kemia yake, kwa sababu viambato vya kemia hiyo vipo sehemu nyingi za ukanda huo, ila tanzanaiti ya kibiashara imepatikana hapo tu, katika kipande cha ardhi chenye urefu wa kilomita chache.

Sasa turudi kwa vanadi. Madini ya tanzanaiti huitwa zoisaiti, na bila vanadi yasingekuwa na bluu hiyo. Hata hivyo mawe mengi hutoka shimoni yakiwa na rangi ya kahawia. Wafanyabiashara huyatia kwenye tanuri, kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, kahawia ikaondoka na kuacha bluu na zambarau. Kuna hadithi kwamba radi iliwasha nyasi mwaka 1967 na wafugaji wakakuta mawe ya bluu juu ya majivu. Iwe ilitokea au la, moto wa nyasi haukuumba jiwe lolote. Ungeweza tu kubadili rangi ya jiwe lililokuwepo tayari.

Ukibahatika kushika tanzanaiti ghafi ya bluu, izungushe taratibu kwenye mwanga uone inavyobadilika kutoka bluu kwenda zambarau. Kisha chunguza ndani yake kama kuna vidoa vyeusi. Hivyo ni kinywe: tope la bahari ile, na uhai uliozama humo.