Huff Anatufikisha Nusu Njia

Kila ninapotaja kwamba nataka kusoma sayansi ya data ngazi ya uzamili, mtu ananishauri nianze na How to Lie with Statistics cha Darrell Huff. Nimekisoma. Kilitoka mwaka 1954, na Huff alikuwa mwanahabari, si mtaalamu wa takwimu. Ndiyo maana sisi wa HGL tunakipenda: hakitishi.

Sura ya wastani ndiyo bora. Tuilete huku kwetu: tuseme wapagazi tisa wa Mlima Meru wanapata shilingi 300,000 kila mmoja kwa mwezi, bosi wao milioni 30. Wastani wa watu hao kumi unazidi milioni tatu, hela ambayo hakuna mpagazi aliyeishika.

Ila Huff anafundisha kushuku tu, kuhesabu hafundishi. Mwaka 1965 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kutilia shaka takwimu za madhara ya sigara. Baadaye kampuni za tumbaku zikamlipa aandike kitabu kingine cha hoja hiyohiyo. Wakati huo Doll na Hill, waliohesabu wagonjwa wa hospitali za London, walikuwa wameshaonyesha tangu 1950 uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu.

Kwa mwanahabari anayelitazama geti la Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, funzo ni hilo. Kuuliza "nani kahesabiwa?" tunajua tayari. Darasani tunafuata uwezo wa kujibu. Kisomeni Huff, ni kifupi, halafu fufueni hesabu za fomu foo.