Moto Katikati, Watu Kandokando

Nyumba ya chifu wa Waviking huko Borg, katika visiwa vya Lofoten kaskazini mwa Norway, ilikuwa na urefu wa mita 83. Mkulima aliyekuwa akilima shamba lake mwaka 1981 ndiye aliyeibua mabaki yake. Kuta zilikwisha kuoza, lakini mashimo ya nguzo yalibaki ardhini, nayo yanatosha kutuonyesha umbo la nyumba hiyo.

Nguzo zilisimama safu mbili, zikibeba paa na kuigawa nyumba kwa urefu. Katikati palikuwa na sakafu ya udongo na meko. Kandokando, majukwaa yaliyoinuliwa kidogo ambapo watu walikaa, wakala, na usiku wakalala palepale. Bomba la moshi halikuwapo, moshi ukajitafutia tundu la paa. Madirisha nayo yalikuwa haba, hivyo moto uliotoa joto ndio uliotoa nuru. Hapa ndipo ninapouona ustadi wa umbo hili, na ukali wake pia. Kiti cha mwenye nyumba kiliukabili moto. Kila aliyesogezwa mbali nacho alipungukiwa kwa pamoja na joto, nuru na heshima. Ukumbi hauhitaji kuta za ndani kutenga wakubwa na wadogo. Hatua chache juu ya jukwaa zinatosha.

Uzito wa kiti hicho unaonekana katika masimulizi ya watu wa Iceland kuhusu Ingólfr Arnarson, mlowezi wao wa kwanza. Alipoiona nchi kutoka baharini, alizitupa majini nguzo za kiti chake na kuapa kuishi popote zitakapofika. Alibeba nguzo, akaacha nyumba: alijua kiini kiko wapi.

Mwisho mmoja wa nyumba ya Borg ulikuwa zizi. Wengi hulitaja joto la ng'ombe wakati wa baridi; mimi navutiwa zaidi na kwamba mali na ukoo viliwekwa chini ya paa moja, katika mstari mmoja usiokatika.

Huko Stöng, Iceland, shamba lililochimbuliwa mwaka 1939, mstari huo umeanza kukatika. Mwishoni mwa ukumbi kuna chumba cha pili cha kukaa, chenye meko yake, kisha stoo ya maziwa na choo, kila kimoja na kuta zake nene za udongo wa nyasi. Mioto ikishakuwa miwili, umbali kutoka kiti kimoja hauwezi tena kumpima kila mtu.